Monita Haiwaki: Tutafute Chanzo Kabla ya Kutafuta Fedha

Ukitumia kompyuta ya mezani kwa miaka kadhaa, siku moja jambo hili litakukuta. Unabonyeza kitufe, unasubiri, na kioo kinabaki cheusi. Hakuna picha, hakuna maandishi, na pengine hata ile taa ndogo ya pembeni haionekani. Kama wewe ni mwanafunzi, tasnifu yako imo ndani ya kompyuta hiyo na siku ya kuiwasilisha imekaribia. Kama wewe ni katibu wa parokia, leo ni Jumamosi na matangazo ya kesho bado hayajachapwa.

Wengi wetu tukifika hapo hutoa hukumu moja: "Monita imekufa." Baada ya hukumu hiyo hufuata mambo mawili. Monita inabebwa kupelekwa stoo, ikabandikwa karatasi yenye neno "mbovu", na fedha zinaanza kutafutwa ili inunuliwe nyingine. Makala hii inahusu muda ulio katikati, yaani kati ya kioo kuwa cheusi na fedha kutoka mfukoni. Katika muda huo mtu asiye fundi, mwenye utulivu na nusu saa tu, anaweza kugundua mengi bila kufungua hata skrubu moja ya monita.

Kioo cheusi kinatuambia nini?

Sisi tunaosoma falsafa hukutana na kosa moja la kufikiri mapema sana katika somo la mantiki. Linakwenda hivi: mvua ikinyesha, ardhi hulowa, ardhi imelowa, basi mvua imenyesha. Aristotle aliutumia mfano huo wa ardhi iliyolowa katika kitabu chake kinachochambua hoja za udanganyifu, akaonyesha kwamba hitimisho hilo halifuati kwa lazima. Ardhi inaweza kulowa kwa sababu bomba limepasuka, au kwa sababu mtu amemwagilia maua.

Sasa tuiweke monita mahali pa ardhi. Monita ikifa, kioo huwa cheusi. Hiyo ni kweli. Kioo cha hapa mbele yangu ni cheusi. Hiyo nayo ni kweli. Lakini kusema "basi monita imekufa" ni kurudia kosa lilelile. Soketi isiyo na umeme huleta kioo cheusi. Waya wa picha uliolegea huleta kioo cheusi. Kompyuta yenyewe ikishindwa kuamka, monita nzima kabisa itabaki nyeusi kwa sababu haijapewa kitu cha kuonyesha. Tokeo ni moja, vyanzo ni vingi. Kazi yetu ni kuvipunguza vyanzo hivyo kimoja kimoja hadi kibaki kimoja.

Ili tufanye hivyo kwa mpangilio, tukumbuke kwamba picha hupita vituo vinne kabla ya kufika machoni petu. Cha kwanza ni umeme unaotoka ukutani hadi kwenye monita. Cha pili ni kompyuta, yaani lile boksi ambalo wengi huliita sipiyu, inayotengeneza picha. Cha tatu ni waya unaoibeba picha hiyo. Cha nne ni monita yenyewe inayoipokea na kuiangaza. Hatari ya kuhukumu haraka ni kwamba tunalaumu kituo cha nne bila kupita vile vitatu.

Kanuni mbili za kushika

Kabla ya kugusa chochote, shika kanuni hizi mbili.

Kanuni ya kwanza: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya wa umeme, waya wa picha na soketi kwa pamoja, kisha monita ikawaka, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu. Waya mbovu utarudi kwenye kabati na wiki ijayo utamsumbua mtu mwingine.

Kanuni ya pili: pima kwa kitu ambacho una hakika ni kizima. Waya uliookotwa stoo hauwezi kuwa kipimo, kwa kuwa nao hujui hali yake. Waya unaowasha kompyuta ya jirani wakati huu ndio kipimo.

Anza na ile taa ndogo

Karibu kila monita ya kisasa ina taa ndogo, ama karibu na kitufe cha kuwashia, ama kwenye pembe ya chini. Watu wengi hawaitazami, na kumbe ndiyo inayotuambia twende njia ipi. Iangalie vizuri, ikibidi zima taa za chumba au funga mapazia.

Kama taa haiwaki kabisa, baada ya kubonyeza kitufe, tatizo liko upande wa umeme au ndani ya monita. Kompyuta haihusiki bado.

Kama taa inawaka kwa rangi ya chungwa, au inawaka na kuzima polepole, kwa kawaida maana yake ni kwamba monita iko hai lakini imelala, kwa sababu haipokei picha yoyote. Hapa shaka ihamie kwenye waya wa picha na kompyuta.

Kama taa inawaka kwa rangi yake ya kazi, mara nyingi buluu, kijani au nyeupe, na bado kioo ni cheusi, basi monita inapata umeme na huenda inapokea picha, lakini haiwezi kuiangaza. Au mwanga wake umepunguzwa hadi mwisho.

Rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo kama kitabu cha maelezo kipo, kisome. Kama hakipo, linganisha na monita nyingine ya aina hiyohiyo iliyo katika chumba hicho.

Taa haiwaki: fuata njia ya umeme

Anzia ukutani. Je, swichi ya soketi imewashwa? Chomeka chaja ya simu katika tundu hilohilo uone kama inachaji. Usichomeke kwenye tundu la pembeni, kwa maana katika ekstensheni tundu moja linaweza kufa huku mengine yakiwa mazima. Kama unatumia ekstensheni, ipite kabisa: chomeka monita moja kwa moja ukutani.

Kama unatumia kile kifaa cha kuhifadhi umeme, UPS, kipite nacho. Kifaa hiki betri yake ikichoka kinaweza kukataa kutoa umeme hata kama umeme wa ukutani upo. Isitoshe, baadhi ya UPS zina matundu ya aina mbili: yale yanayolindwa na betri na yale yasiyolindwa. Monita ikichomekwa katika tundu lisilolindwa, itazimika kila umeme unapokatika ingawa kompyuta inaendelea kuunguruma, na mtumiaji atadhani monita ina kasoro.

Kisha tazama plagi. Plagi zetu za pini tatu bapa huwa na fyuzi ndogo ndani yake, na fyuzi hiyo inaweza kuungua bila kuacha alama yoyote nje. Chomoa plagi, toa fyuzi, na weka kwa majaribio nyingine iliyo nzima. Soma namba iliyoandikwa kwenye fyuzi ya zamani, kama vile 3A, 5A au 13A, na urudishe ya namba hiyohiyo. Tafadhali usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Kufanya hivyo ni kuondoa mlinzi pekee aliyesimama kati ya hitilafu ya umeme na moto wa chumba. Kama plagi ni ile iliyofungwa moja kwa moja isiyofunguka, na fyuzi haitoki, badilisha waya wote.

Na hapa kuna habari njema. Waya wa umeme wa monita nyingi una umbo lilelile la waya wa umeme wa kompyuta ya mezani. Kwa hiyo kipimo kiko mezani pako tayari: chomoa waya unaowasha kompyuta, uutie kwenye monita. Taa ikiwaka, umepata mgonjwa wako, naye ni waya, kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Unapouchomeka nyuma ya monita, usukume hadi mwisho; waya huo una tabia ya kuonekana umeingia huku bado umelegea.

Monita nyingine hazitumii waya wa namna hiyo, bali zina adapta ya nje inayofanana na ya kompyuta mpakato. Hapa uangalifu unahitajika zaidi. Adapta inaweza kuingia katika tundu vizuri na bado isiwe yake. Soma nyuma ya monita volti zinazotakiwa, kwa mfano 12V au 19V, kisha soma zilizoandikwa kwenye adapta. Volti lazima zilingane, na ampea za adapta ziwe sawa au zaidi ya zile monita inazohitaji. Adapta ya volti nyingi kuliko zinazotakiwa inaweza kuiua monita iliyokuwa nzima.

Mambo mawili ya mwisho upande huu. Kwanza, baadhi ya monita zina swichi ya pili nyuma, karibu na tundu la umeme, yenye alama za I na O. Ikiwa kwenye O, kitufe cha mbele hakitafanya lolote. Mtu anayepangusa vumbi anaweza kuigusa bila kujua. Pili, chomoa waya wa umeme, bonyeza na kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini hivi, acha monita ipumzike dakika chache, kisha chomeka tena. Zoezi hili humaliza chaji iliyobaki ndani, na mara nyingine monita iliyogoma baada ya umeme kukatika ghafla huamka yenyewe.

Kama umepitia yote haya na taa bado imezima, basi unayo sababu ya kweli ya kuishuku monita yenyewe. Sasa unasema kwa ushahidi.

Taa inawaka: iulize monita yenyewe

Kuna jaribio moja rahisi ambalo wengi hawalijui. Ikiwa monita imewashwa, chomoa waya wa picha upande wa nyuma ya monita. Usichomoe wa umeme. Monita nyingi zilizo hai, zikiona hakuna waya wowote wa picha, huandika ujumbe kwenye kioo, ama "No Signal", yaani hakuna picha inayoingia, ama ujumbe wa kukuambia ukague waya. Monita nyingi za Dell huonyesha kiboksi kidogo chenye rangi kinachotembea juu ya kioo.

Ukiuona ujumbe huo, hata kwa sekunde tatu tu kabla kioo hakijarudi kuwa cheusi, furahi. Kioo kinaangaza, mwanga wake uko sawa, na umeme wake wa ndani unafanya kazi. Monita imekwisha kujitetea. Kinachobaki ni waya na kompyuta.

Kama kuna kompyuta mpakato karibu yenye tundu linalofaa, jaribio huwa na nguvu zaidi. Iunganishe na monita, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague picha ionekane pande zote mbili. Ikionekana, monita imehukumiwa kuwa nzima bila shaka yoyote.

Waya wa picha na matundu yake

Katika vyumba vyetu vya kompyuta waya unaoonekana mara nyingi bado ni ule wa VGA, wenye pini 15 katika safu tatu na skrubu mbili za kukaza kwa vidole. Mfumo huo ulitolewa na IBM mwaka 1987, na umeendelea kutumika hadi leo. Uchomoe na uangalie pini zake kwa tochi. Pini iliyopinda inaweza kunyooshwa taratibu kwa ncha ya kalamu isiyo na wino. Iliyokatika, waya huo umekwisha. Ukiurudisha, kaza skrubu zote mbili, kwa maana waya huo ni mzito na ukiachwa bila kukazwa hujivuta wenyewe kutoka.

HDMI, mfumo mpya zaidi, hauna skrubu. Hushikwa kwa kubanwa tu, na tundu lililotumika sana hulegea. Kama picha inakuja na kutoweka unapougusa waya, umelipata jibu lako.

Kosa lingine linahusu vigeuzi, vile vipande vya kuunganisha HDMI na VGA. HDMI hubeba picha kwa mfumo wa dijitali na VGA kwa mfumo wa analojia, kwa hiyo kati yao lazima kuwe na kifaa kinachotafsiri, na kifaa hicho hutafsiri kwa upande mmoja tu. Kigeuzi kilichotengenezwa kutoa picha kwenye kompyuta yenye HDMI kwenda kwenye monita yenye VGA hakitafanya kazi kikigeuzwa. Na waya mtupu usio na kifaa cha kutafsiri ndani yake, ingawa ncha zake zinaingia kila mahali, kwa kawaida hautatoa picha. Ukienda dukani, eleza kompyuta yako ina tundu gani na monita ina tundu gani, usiseme tu "naomba cha HDMI na VGA".

Kagua pia kama monita inasikiliza tundu sahihi. Monita yenye tundu la VGA na la HDMI inaweza kuwa imewekwa isubiri picha kutoka HDMI wakati waya wako uko kwenye VGA. Tafuta kwenye vitufe vya monita kile cha kuchagua chanzo cha picha, mara nyingi chenye neno "Source" au "Input", ubonyeze hadi ufikie jina la tundu unalotumia.

Mwisho, angalia nyuma ya kompyuta. Kama imeongezewa kadi ya picha, utaona matundu ya monita mahali pawili: juu, pamoja na matundu ya kibodi na kipanya, na chini, kwenye kadi. Katika kompyuta nyingi za namna hii, matundu ya juu huacha kutoa picha mara kadi inapowekwa. Hamishia waya kwenye matundu ya kadi.

Kompyuta ndiyo iliyolala

Sasa tufike kwenye kituo kinachosahauliwa kuliko vyote. Feni ya kompyuta kuzunguka si ushahidi kwamba kompyuta imeamka. Feni huzunguka mara tu umeme unapoingia, hata kama akili ya mashine haijaanza kazi.

Jaribio lake ni hili: subiri dakika mbili baada ya kuwasha, kisha bonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi mara kadhaa. Kama kitaa chake kinawaka na kuzima kila unapobonyeza, huenda kompyuta imeamka vizuri na kinachokosekana ni picha tu. Katika Windows 10 na 11 unaweza kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Hatua hiyo huanzisha upya programu inayoendesha picha, na mara nyingine kioo hurudi. Lakini kama kitaa hakibadiliki kabisa, huenda kompyuta haijaamka, na hakuna monita duniani itakayoonyesha kitu.

Nililiona jambo hili katika parokia moja nilikokuwa kwa kazi za kichungaji wakati wa likizo. Mama katibu wa ofisi alikuwa amenunua monita mpya baada ya ile ya zamani kuwa nyeusi kwa wiki nzima. Fedha zilitoka katika fungu la karatasi na wino wa mwaka. Alipoiunganisha, ile mpya nayo ikabaki nyeusi.

"Frateri," aliniuliza, "na hii nayo mbovu?"

"Shikamoo, Mama. Hebu tuiulize kompyuta kwanza."

Caps Lock haikuwaka. Tulizima kompyuta, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu wa boksi na kutoa ramu, ambayo vumbi lilikuwa limejaa kuizunguka. Tuliipangusa, tukairudisha hadi vibanio vikalia. Tulipowasha, picha ikaja. Kisha Mama akaomba turudishe ile monita ya zamani ili aone. Nayo ikawaka. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi mwaka huu vyeti tutaviandika kwa mkono." Hakuwa anatania sana.

Ramu iliyolegea au kushika vumbi ni miongoni mwa sababu za kawaida za kioo cheusi, na kuirudisha ni kazi ambayo mtu makini anaweza kuifanya. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha boksi ili kuondoa umeme tuli mwilini mwako. Fungua vibanio vya pembeni, toa kipande cha ramu kwa kushika kingo zake, pangusa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu na safi, kisha kirudishe kwa kukandamiza pande zote mbili. Kama kuna vipande viwili, jaribu kuwasha kwa kimoja kimoja.

Kompyuta nyingine zikishindwa kuamka hutoa milio mifupi. Ihesabu na uiandike: mmoja mrefu na mitatu mifupi, kwa mfano. Maana ya milio hutofautiana kati ya watengenezaji, lakini fundi akipewa hesabu hiyo ameokolewa nusu ya kazi.

Picha ipo, mwanga haupo

Kuna hali moja inayodanganya watu sana. Kioo cha monita nyingi za kisasa hakitoi mwanga chenyewe; nyuma yake kuna taa zinazokimulika. Taa hizo zikizimika, picha inakuwepo lakini haionekani, kama kusoma gazeti katika chumba cha giza.

Jaribio: kompyuta ikiwa imewashwa, weka chumba gizani, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni, karibu kabisa. Ukiona kivuli hafifu cha alama za kwenye kioo, basi kompyuta ni nzima na waya ni mzima. Kwanza jaribu kuongeza mwanga kwa vitufe vya monita, kwa kuwa huenda umepunguzwa tu. Kama haukubali, tatizo ni taa za nyuma au sehemu inayoziendesha. Dalili nyingine ya tatizo hilohilo ni picha inayotokea kwa sekunde moja au mbili kila unapowasha, kisha ikatoweka.

Mpaka wa kutovuka

Mpaka hapa hatujafungua monita, na hatutaifungua. Naomba jambo hili lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu vijana wengi wenye bisibisi hudhani kwamba kuchomoa waya wa umeme kunatosha.

Umeme wa ukutani ni wa volti 230. Ndani ya monita hugeuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa kwa kiwango cha volti 325 hivi, na kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Zile monita za zamani zenye mgongo mrefu ni hatari zaidi: ndani yake kuna sehemu inayobeba maelfu mengi ya volti, na bomba lake la kioo linaweza kuhifadhi chaji kwa muda mrefu baada ya kuzimwa. Monita ya namna hiyo ifunguliwe na fundi aliyefundishwa kazi hiyo tu.

Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, au ukisikia mlio wa cheche, zima swichi ya ukutani, chomoa, na usiwashe tena "ili kuona".

Kumpelekea fundi habari, si mzigo

Ikiwa njia zote zimekuelekeza kwenye monita yenyewe, bado haijawa takataka. Hitilafu ya kawaida ndani ya monita ni kapasita zilizovimba katika bodi ya umeme. Fundi akifungua huziona kwa macho: vichwa vyake, ambavyo hutakiwa kuwa bapa, vimeinuka au vimetoa ute wa kahawia. Dalili zake kwa nje ni monita inayochelewa kuwaka siku baada ya siku, au taa inayowaka na kuzima bila kutulia. Vipuri hivyo ni vya bei ndogo, na fundi wa redio na televisheni aliye hodari huweza kuvibadilisha. Kioo kilichopasuka ni habari nyingine; hapo gharama ya kioo mara nyingi hukaribia bei ya monita.

Usimpelekee fundi monita na neno "mbovu" peke yake. Mpe karatasi yenye majibu: taa inawaka au haiwaki, na kwa rangi gani, waya wa umeme ulibadilishwa, ujumbe ulionekana au haukuonekana waya wa picha ulipochomolewa, tochi ilionyesha nini, tatizo lilianza lini, baada ya umeme kukatika au polepole. Mteja mwenye majibu hayo si rahisi kuuziwa kipuri asichokihitaji.

Na kama fundi amethibitisha kwamba haitengenezeki, isitupwe kwenye shimo la taka la kuchomea moto. Taa za nyuma za monita nyingi bapa za zamani zina zebaki, na vioo vya zile zenye mgongo mrefu vina risasi. Moshi wake tutauvuta sisi wenyewe. Mwachie fundi avue vipuri vinavyofaa, au ihifadhiwe hadi apatikane mkusanyaji wa vifaa chakavu vya umeme.

Kuzuia kuliko kuponya

Umeme unapokatika, zima swichi za ukutani za kompyuta na monita, na usiwashe mara tu unaporudi. Subiri dakika kadhaa utulie, kwa maana dakika zile za kwanza ndizo zenye kupanda na kushuka kwa nguvu. Usifunike matundu ya hewa ya nyuma kwa kitambaa cha kupambia. Usiweke chakula karibu: makombo huita sisimizi, sisimizi humwita mjusi, na mjusi akiingia kwenye bodi yenye joto anaweza kuunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana.

Mwisho, ningependekeza kila chumba cha kompyuta na kila ofisi ya parokia iwe na boksi dogo lenye vitu vinne: waya mmoja wa umeme, waya mmoja wa VGA, waya mmoja wa HDMI na fyuzi chache. Vyote viwe vimejaribiwa na kuandikwa "nzima", na visitumike kwa kazi nyingine yoyote. Na zile monita zilizoko stoo zenye karatasi ya "mbovu", zitolewe siku moja ya Jumamosi, zipitishwe kwenye hatua hizi moja baada ya nyingine, na kila moja ibandikwe karatasi mpya inayosema ni kipi hasa kilichoharibika.